Kisima Bila Kamba ni Shimo

Bibi yangu alikuwa akienda mbele kwa kurudi nyuma. Sifumbi fumbo, ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alisokota kamba za katani, na msokota kamba ndefu hana raha ya kukaa kwenye kigoda. Lazima atembee kinyumenyume, nyuzi zikimtoka mikononi, uso umeelekea alikotoka. Watu wakamwita Bibi Kinyume, naye hakujali. "Wenzangu mnaona mnakokwenda," alikuwa akisema, "na bado mnajikwaa."

Nyumba yetu ilikuwa ya kwanza chini ya kilima. Mlangoni palikuwa na nguzo yenye ndoana ya chuma na mpini wa kuizungusha. Njia ilianzia hapo, ikapanda bila kona hata moja hadi kileleni, kwenye kisima. Kisima chenyewe kilikuwa kirefu kupita kiasi. Ukidondosha jiwe unaweza kuanza habari nyingine kabla hujalisikia limefika. Kamba inaposokotwa hupungua, na urefu wa njia ile, ukishasokotwa, ulitosha kina cha kisima bila kupelea. Wazee walisema aliyejenga nyumba yetu alipima kwanza. Mimi nasema alibahatisha, ila sikuthubutu kumwambia bibi.

Kamba ya kisima ilikuwa na sharti moja: isiwe na fundo. Fundo hukwama kwenye gurudumu, ndoo ikabaki inaning'inia na mtu akabaki na kiu yake. Kwa hiyo ilisokotwa kwa safari moja, mara moja kwa mwaka, bibi akipanda kinyumenyume na mtu wa nyumbani akizungusha mpini. Alianza babu, akafuata mama, nami nikaurithi mpini mikono yangu ilipopata nguvu. Majirani walichomeka panda katikati ya njia, vile vijiti vya pembe mbili, nyuzi ziegemee juu yake. Uzi ukigusa chini huokota uchafu, na kamba yenye uchafu ndani huoza upesi.

Na mwaka ambao majirani walijivuta, bibi aliwasema: "Kisima bila kamba ni shimo. Mnataka kunywa kwenye shimo?" Maneno hayo tuliyasikia mpaka tukayachoka.

Kisha kikaja kiwanda cha nguo, bondeni, upande wa pili wa kilima, ambako hapo kabla palikuwa na mtama na mbuzi wa watu. Bibi alipopeleka kamba mwaka ule aliona bomba moja la moshi na mabanda machache ya mabati. Akarudi nyumbani akasema, "Wamejenga jiko kubwa. Sijui watapika nini."

Walipika mji.

Sijui niseme vipi mtu anielewe. Mwaka huu unapita penye kichaka, mwaka unaofuata pana duka la matairi, na mwaka wa tatu duka limeota ghorofa na mwenye duka ameota kitambi. Mchunga mbuzi wetu aliuza mbuzi, akajenga vyumba vya kupangisha, akawa anaitwa bosi na watu wasiojua kwamba alikuwa hajui kuvaa viatu. Yakaja mabomba ya maji mpaka mlangoni, ikaja taa ya barabarani. Usiku anga la juu ya kilima lilikuwa jekundu kama kunakucha, jogoo wetu akachanganyikiwa, akawika hovyo hovyo mpaka akaishia sufuriani.

Mabomba yalipofika, hakuna aliyekuja kuulizia kamba. Bibi alikuwa ameshaandaa nyuzi. Akazikunja, akazitundika darini juu ya moshi wa jiko zisiliwe na wadudu, akasema kule juu haendi tena mpaka aende kwa kazi yake. Tukadhani ni hasira za siku mbili. Zikageuka miaka. Magoti nayo yakamuunga mkono.

Mimi nikaajiriwa kiwandani, chumba cha kusokota nyuzi. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni kama mtu aliyepigwa na butwaa, mpaka msimamizi akanisukuma kwa bega. Ukumbi ule huoni mwisho wake. Safu kwa safu za vijiti vya chuma vinazunguka, kila kimoja kinajivisha uzi wake, na sakafu inatetemeka mpaka meno yanagongana. Pamba inaingia upande huu kama mawingu, inatokea upande ule imekuwa uzi. Nilimkumbuka bibi, machozi yakanilenga, nami si mtu wa kulia ovyo.

Jioni nikamwambia, "Bibi, kumbe na wao wanasokota."

"Nani anatembea?"

"Hakuna anayetembea."

"Uzi unatokaje sasa?"

"Unatoka tu, bibi. Hauishi."

"Mjini mmezidi kutia chumvi," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Kila jioni nilimletea habari za mji na kila jioni aliniambia hivyo hivyo. Benki ambayo mlango wake unajifungua ukiukaribia, chumvi. Treni iliyobeba magari mgongoni, chumvi. Ukisikiliza maneno yake, damu ya familia nzima ilikuwa imepanda kwa chumvi yangu.

Mwishowe mji ukakivuka kilima. Barabara kubwa ikaletwa upande wetu, na injinia wao, dada mmoja wa kofia ngumu na buti, alichagua kupitisha lami juu ya njia ya bibi. Alikuja kutujulisha kwa adabu kazi iliyobaki.

"Shikamoo, bibi. Njia hii imenyooka ajabu. Aliipima nani?"

"Marahaba. Niliipima kwa mgongo."

Dada akacheka. Akaeleza kwamba lami imeshapanda hadi kileleni, na kesho asubuhi malori yataleta kifusi kufukia lile shimo la katikati, ili kazi iishe.

"Kisima," bibi akasema.

"Samahani, bibi. Kisima kina kamba na ndoo. Mimi nimekuta shimo."

Hakusema kwa ubaya, alisema alichokiona. Lakini mimi nilimgeukia bibi nikaona uso umemshuka. Amechapwa kwa fimbo yake mwenyewe. Alishika goti, kisha akauliza kama mtoto anayeomba ruhusa.

"Na kikiwa na kamba?"

Injinia alitazama juu kilimani, akavua kofia, akajikuna kichwa. "Kikiwa na kamba ni kisima cha watu. Siwezi kufukia kisima cha watu. Nitakizungushia barabara. Ila malori yakifika kabla ya kamba, bibi, nisilaumiwe."

Asubuhi, jua halijachomoza vizuri, tulishusha nyuzi darini. Zilikuwa nyeusi kwa moshi na ngumu kama siku zilipopandishwa. Bibi akajifunga kanga kiunoni kwa fundo la kazi, akatia mizunguko ya nyuzi begani, ncha zake nikazifunga kwenye ndoana. Majirani wachache wa zamani walikuja na panda zao, kama desturi. Hapo ndipo aibu ilipotupata. Katika usiku mzima wa kujiandaa, hakuna aliyekumbuka kwamba lami haichomekwi kijiti. Mmoja wao, fundi seremala, alikita panda yake mara ya kwanza, mara ya pili, ikakatika. Wakabaki wanatazamana na kuni zao mikononi.

Na lami ilikuwa mbichi. Inanata. Uzi ukiigusa utaokota lami na kokoto, na kamba ya namna hiyo haipiti kwenye gurudumu lolote.

"Shikeni kwa mikono," bibi akasema. Akanigeukia. "Zungusha."

Nikazungusha. Akaanza kupanda, uso kwangu, mgongo kwa mji, unyayo unapapasa kabla ya kukanyaga. Majirani walijipanga wakinyanyua nyuzi juu ya vichwa. Walipokwisha majirani, kamba haikuwa imefika hata nusu. Alipozidi kupanda, nyuzi zikaanza kulegea katikati, tumbo la kamba likashuka, likashuka, mpini ukawa mzito mikononi mwangu. Kisha nikasikia mivuto miwili. Tulikuwa na lugha yetu kwenye kamba ile: mvuto mmoja, punguza, miwili, simama, mmoja mrefu, nimefika. Nikasimama. Yule pale, mdogo juu ya lami, ameinua mikono yote miwili na hawezi kwenda wala kurudi. Kutoka ng'ambo ya kilima nikasikia malori yanaunguruma.

Kikalia king'ora cha kiwanda. Zamu ya usiku imetoka.

Wafanyakazi wanaokaa upande wetu walitokea kileleni kama kawaida yao, wamechoka, vyombo vya chakula mkononi. Wa mbele alikuwa mwanamume wa ovaroli ya bluu ambaye sijapata kumjua hadi leo. Akampita bibi, akafika kwa seremala aliyeshika wa mwisho, akasimama. Sikusikia waliyosema, nilisimuliwa baadaye na seremala.

"Mnafanya nini?"

"Tunashikilia kamba ya bibi."

"Nishike wapi?"

Basi, hakuuliza zaidi. Akaweka chakula chake chini, akainua mikono. Aliyemfuata akaona mwenzake ameshika, naye akashika. Akaja mwanamke wa chumba cha rangi, viganja vyake vya buluu. Wakaja wapakiaji, mafundi mitambo, mlinzi na rungu lake kwapani. Watu wa makabila ambayo siwezi kuyahesabu, watu ambao siku nyingine wanapishana bila hata salamu. Mikono ilipanda mmoja baada ya mwingine mpaka kileleni, na kamba ikanyanyuka juu ya lami yote. Mpini ukawa mwepesi. Nilizungusha huku nalia, na sioni haya kulisema.

Ukaja mvuto mmoja. Mrefu.

Nikaitoa ncha yangu kwenye ndoana, nikaifunga isifumuke, nikakimbia kupanda katikati ya watu wale walionyoosha mikono. Juu nilikuta malori mawili yamesimama na kifusi chake, na injinia ameshapitisha kamba kwenye gurudumu, ndoo ya mafundi wake inashuka. Kamba haikukwama popote. Tulisikia ndoo ikigusa maji kule chini, na injinia akawatazama madereva, akawaonyesha kwa kidole warudi walikotoka.

Bibi hakuwa akitazama kisima. Alikuwa amesimama amenipa mgongo. Miaka yote ya kuzungusha mpini, sikuwahi kuuona mgongo wake kwenye njia ile.

Mbele yake bonde lote lilikuwa mji. Mapaa mpaka macho yanapochoka, vioo vya maghorofa vimeshika jua la asubuhi, mabomba ya moshi yamesimama mengi kuliko miti niliyoikuta nikizaliwa. Treni ilikuwa inaingia taratibu, na kweli ilikuwa imebeba magari. Sauti ya yote hayo ilipanda kwetu kwa pamoja, mvumo mmoja usiokatika. Napita hapo kila siku, na asubuhi ile hata mimi niliuona mji kama mgeni.

"Yote haya yalikuwa yanaota mgongoni kwangu?" bibi akauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Na hamkuniambia."

Injinia akamletea maji kwenye kikombe cha bati. Akanywa bila kuondoa macho bondeni, akamrudishia kikombe, akafungua fundo la kanga na kujifunga upya, safari hii kwa fundo la matembezi. Kisha akaninyooshea mkono wake, umejaa lami na moshi.

"Nipeleke huko chini," akasema. "Lakini unishike vizuri. Sijazoea kwenda mbele."