Kitabu cha Gelasius Mnadani

"Hiki nimekisoma mara tatu, na mara zote tatu nimelia," Gelasius alitangaza kwenye kipaza sauti siku ya kufungua maktaba yake, akikiinua juu kitabu kinene cha mambo ya kutoa na kusaidia jamii. Kisha akamkabidhi kilekile Dafrosa, fundi cherehani wa Kawajense, iwe asante ya vitabu alivyomletea. Dafrosa akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Adabu haina likizo, hata mbele ya mnyang'anyi.

Kwa miaka kumi na mmoja kabla ya hapo, maktaba ya Kawajense ilikuwa kiroba cha unga nyuma ya baiskeli yake. Akipeleka suruali aliyoipunguza, anaacha na kitabu, na alijua nani asome nini. Bahili alipewa kisa cha kijiji kilichochimba kisima kwa majembe ya kuazima. Mwenyekiti wa kikundi cha kufa na kuzikana alipewa kile cha mweka hazina aliyetoroka. Pembeni mwa kurasa aliwaandikia wasomaji wake kwa penseli: "Yustina, rudia hapa."

Ndipo Gelasius, mnunuzi wa mpunga anayeuota udiwani, akajenga chumba, jina lake mlangoni, kabati la vioo lina kufuli. Vitabu vya Dafrosa, alisema, vimechakaa, vitatia aibu mbele ya wageni, avilete vikajalidiwe. Akavipeleka vyote.

Wiki ya tatu baada ya ufunguzi, Dafrosa alinunua karanga sokoni. Karatasi zilimofungwa ilikuwa na maandishi yake ya penseli: Yustina, rudia hapa. Muuza karanga akaeleza kwamba makaratasi hayo aliuziwa kwa kilo na dereva wa Gelasius.

Dafrosa hakulia. Alizitafuna karanga zote, akaikunja karatasi, akasubiri mavuno.

Jumapili ya mavuno kila mtu hupeleka kanisani alichonacho, kikanadiwa uwanjani baada ya misa. Gelasius hukaa mbele. Mwaka jana alinunua yai moja kwa elfu hamsini ili aonekane. Dafrosa alipeleka kile kitabu alichopewa na Gelasius. Katekista Nestori, ambaye ndiye mnadishaji, akakiinua, kikametameta juani.

"Kabla hatujataja bei," Dafrosa akasema, "baba Gelasius atuonjeshe kidogo. Yeye kakisoma mara tatu."

Gelasius akasimama, akasema kinahusu upendo.

"Ukurasa wa ngapi, baba? Maana nailoni ya dukani bado iko. Au ulikichoma bambo, kama unavyokagua mpunga guniani?"

Nestori akakigeuza huku na huku akitafuta palipofunguliwa, hakupaona. Wanakwaya ndio walioanza kucheka. Mzee Mwandu, mfugaji asiyejua kusoma, akasema kumbe hata yeye kakisoma, tena mara nne.

Gelasius akakumbuka ana mgeni nyumbani.

Kwa desturi, kitu cha mavuno hakirudishwi nyumbani kwa kukosa mnunuzi. Nestori akanadi, watu kimya. Dafrosa akaikunjua ile karatasi, akailaza juu ya kitabu, akataja bei aliyonunulia karanga. Hakuna aliyeongeza.

Shilingi mia mbili.