Watu wa Nje

Jumanne nilipeleka maziwa kwenye chuo kimoja cha walimu hapa Garissa, mtoto wangu mgongoni. Langoni nilimkuta mama mzee mwenye mtungi mtupu akimsihi mlinzi. Binti yake alikuwa amejifungua alfajiri, na nyumbani hapakuwa na maji ya kumwosha mtoto.

"Maji ni ya wanachuo," mlinzi akasema. "Si ya watu wa nje."

"Nje ni wabi?" mama mzee akauliza. "Mimi nimechunga mbuzi hii mahali kabla waya yenu kuja. Wewe umekuja na basi mwezi jana."

 Nyuma ya mlinzi mpira wa maji ulikuwa ukinywesha maua, kwa kuwa wageni walitarajiwa Ijumaa.

Msichana mmoja mwanachuo alikuwa akipita na ndoo yake ya kuoga, ile moja wanayogawiwa kwa siku. Akaitua chini, akachukua kopo. "Ayeyo, shika mtungi vizuri," akamwambia, kama anayemwita nyanya yake mwenyewe. Akamimina kopo baada ya kopo kupitia waya wa uzio, kiganja chake kikikinga chini ya mdomo wa mtungi ili tone lisipotee.

Mlinzi akafungua kitabu, akaandika jina la msichana. Kosa: kutoa maji nje.

Nasikia msichana ameitwa ofisini ajieleze. Mimi nimezaa mara mbili katika mji huu. Kama ni kujieleza, waanze wale waliopanga maua yaoge kabla ya mtoto mchanga.