Redio ya Gari la Mkuu wa Karakana

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika redio. Nilipewa ufagio, nikaambiwa nifagie karakana nzima kisha nichambue takataka kwa mkono, nitoe kila skrubu na kila kipande cha waya. Mkuu wa Karakana, bwana mrefu wa Chiungutwa mwenye kaptula iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, alikuja kukagua. Akainama, akachungulia chini ya meza.

"Umeacha tatu," akasema. "Redio ya mtu inakufa kwa kukosa skrubu moja. Inama."

Nikainama. Nilimchukia siku ile, sisemi uongo. Baadaye nilimpenda kuliko wajomba zangu.

Ninyi vijana mnaobadilisha vioo vya simu pale stendi ya Masasi, mnaagiza kitu asubuhi kinakuja na basi kesho yake. Sisi masika yakianza barabara ilikuwa imekufa, na spea ilikuwa mpaka umpate mtu anayesafiri. Kwa hiyo tuliishi kwa mizoga, yaani redio zilizokufa kabisa. Haitupwi. Unaifungua, unatoa mota, unatoa spika, unatoa ile hedi inayosoma kaseti, unaweka kwenye gunia la korosho. Mtu akija na redio yake, unaingia kwenye gunia.

Nilifanya kazi chini ya Mkuu miaka sita, kisha nikahamishiwa Newala. Kule juu ukungu wa asubuhi unaingia hadi ndani ya redio, ukifungua unakuta kutu ya kijani kwenye nyaya. Msimamizi wa kule alikuwa mtu wa makelele, lakini hakujua kazi, basi nitamwacha. Newala ndiko nilikomwoa Mama Asha. Karakana zilipofungwa, Mkuu alikwenda Dar es Salaam kujitafutia maisha, na mimi nikateremka Masasi nikafungua kibanda Mkomaindo, si mbali na hospitali. Ndugu wa wagonjwa walikuwa wateja wazuri. Mtu anayeuguza anataka kusikia sauti ya mtu asiyelia.

Kisha zikaja simu, redio zikaingia mle mle ndani ya simu. Mama Asha akafariki. Watoto wako mbali, wananipigia siku za sikukuu. Nikakaa kibandani wiki nzima nikipanga bisibisi. Msinionee aibu nikisema: nilikuwa mpweke, mpweke hasa, kiasi cha kuongea na pasi ya kuchomelea.

Ndipo kijana wa bodaboda akaniletea salamu kutoka Chiungutwa. Mkuu amerudi kwao, anauliza kama bado naishi.

Nilimkuta amekaa ndani ya gari. Astaghafiru, gari gani lile! La spoti, milango miwili, viti viwili tu, la chini mpaka unaingia kama unayelala. Tangu Dar lilikuja likikwangua tumbo, likafika hapo kwenye banda lake la korosho, na halikutoka tena. Watoto wa kijiji waliliita kobe.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, Baba Asha. Umenenepa, au ni macho yangu?"

Yalikuwa macho yake. Alikuwa anaona vivuli tu. Akaniketisha kiti cha pili, akanishika mkono, akauweka kwenye redio ya gari.

"Hii ndiyo shida yangu. Kusoma siwezi, kulima siwezi, mke wangu Mama Rehema alifariki mwaka jana. Alikuwa anakaa hapo ulipokaa wewe, anachagua kaseti, mimi naendesha. Kaseti zake zote zipo. Nataka nizisikie humu humu nilimozisikia naye. Niwashie hii redio, sitakuomba kitu kingine."

Betri aliifunga kwenye sola ya banda, taa za redio zikawaka, kaseti haikuzunguka. Niliifungua nikaona mara moja. Ndani ya redio ya kaseti kuna mpira mwembamba, mviringo, unaounganisha mota na gurudumu linalovuta utepe. Ule wa Mkuu ulikuwa umeyeyuka, umekuwa lami. Unafuta lami kwa spiriti, unazungusha uzi pale mpira ulipopita, unapima uzi, unatafuta mpira unaopungua kidogo ili ukaze. Kazi ya saa moja ukiwa nao. Tatizo ni kuupata.

Masasi nzima hakuna. Kijana mmoja aliniuliza, "Mzee, kaseti ndiyo nini?" Nikamjibu ni kitu cha watu wenye akili. Nilijaribu kukata tyubu ya baiskeli, kama wanavyofanya mafundi wa vijijini, ikavuta vibaya, mwimbaji akaimba kama amelewa. Wiki ya pili nikapanda Newala kwa mjane wa fundi mwenzangu wa zamani. Akanionyesha magunia ya mumewe, akaniletea muhogo, nikachimbua kutwa. Nikaukuta. Nikauzungushia uzi wangu: umekaa sawasawa.

Nilifurahi mpaka mama wa watu akacheka. Lakini nikiwa njiani kuteremka Masasi, wazo likaniingia: nikiufunga kesho, keshokutwa nitakwenda wapi?

Nikaukunja ule mpira, nikaufunga kwenye leso, nikatia mfuko wa shati.

Nilikwenda Chiungutwa siku tatu kila wiki, miezi miwili. Nilifungua redio, nikafunga, nikagonga gonga, maigizo matupu. Tulikula korosho za kuchoma, tukaketi kwenye vile viti viwili milango ikiwa wazi, akinisimulia Dar na Mama Rehema. Kila nikiaga aliuliza, "Bado?" Nami nikasema, "Bado, Mkuu. Tunatafuta." Alitikisa kichwa tu.

Siku moja Alhamisi nikamkuta hana raha. Binti yake amepiga simu, Jumamosi anakuja kumchukua akaishi naye Dar.

"Nilitaka niisikie kabla sijaondoka," akasema. "Kule naambiwa ni ghorofani."

Nikatoa leso. Kabla jua halijaenda mbali kaseti ilikuwa inazunguka, na dansi la zamani likajaa ndani ya lile gari. Mkuu akafumba macho yake ambayo hata hivyo hayaoni. Akatabasamu. Kisha tabasamu likaondoka.

Mpira ukikaa umekunjwa muda mrefu unashika alama pale pa mkunjo. Kila alama ikipita kwenye mota, wimbo unayumba kidogo. Mteja hasikii. Fundi anasikia.

"Huu mpira ulikunjwa," akasema. "Na si jana. Umeupata lini?"

Nitamdanganyaje mtu aliyenifundisha kazi? "Wiki ya pili, Mkuu."

"Ukakaa nao."

"Nikakaa nao. Nyumbani kwangu hakuna mtu. Nikimaliza kazi, sina sababu ya kuja huku."

Heri angenitukana. Alisubiri wimbo uishe.

"Mimi nilidhani umezeeka, kazi imekushinda," akasema. "Nikanyamaza nisikuaibishe. Kumbe, Baba Asha! Ungesema tu umekuja kunisalimia, ningekufukuza?"

Tulisikiliza kaseti mbili, basi. Mama Rehema aliacha kumi na moja. Ijumaa wageni wa kumuaga walijaa, na Jumamosi binti akaja na teksi. Gari liliachwa bandani, na ufunguo kwa jirani.

Kibanda nimefunga. Wanaonisalimia wananiuliza kwa nini, na mikono bado ina nguvu, nami nasema nimestaafu. Kazi niliifanya vizuri maisha yangu yote, isipokuwa hiyo moja, na hiyo niliiharibu kwa makusudi. Miezi miwili ya mzee asiyeona si kitu cha kumchukulia mtu. Najuta, na nitaendelea kujuta.

Wiki iliyopita alinipigia. Binti yuko kazini kutwa, yeye amefungiwa ndani kwa usalama wake. Akaniomba niende bandani, niweke kaseti ya tatu, niishike simu karibu na spika. Nikapanda bodaboda siku ile ile. Nikaweka. Wimbo ukaanza, ukiyumba pale pale, na ndani ya simu nikamsikia akipumua.

Salio lake likaisha kabla ya wimbo. Nikabaki kwenye kiti cha Mama Rehema, nikausikiliza mpaka mwisho peke yangu.