Kiti cha Nyuma Kwenye Ndege ya Picha

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa debe tupu na fimbo, nikaambiwa nikapige kelele. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yote. Punda milia walikuwa wamejaza strip, na ndege ilikuwa huko juu inazunguka na wageni waliotoka kuona flamingo wa Nakuru, haina mahali pa kushuka. Nikakimbia nikipiga lile debe, leso ikanifunguka, nikaishika na meno nikaendelea. Punda milia wakatoka, ndege ikashuka, na rubani akaja mpaka mahali nilikuwa nimeinama natafuta pumzi.

"Mathe," akasema, "kesho urudi. Hao wanyama wamekuogopa kuliko wananiogopa mimi."

Huyo alikuwa Kapteni. Sikuwahi kumwita jina lingine miaka yote, na hata sahii akinipigia simu ni Kapteni tu.

Nyinyi watoto mmezoea ndege za tarmac, kwa hivyo wacha niwaeleze. Strip ni uwanja wa ndege usio na makuu. Nyasi imefyekwa fupi, uwanja wenyewe mrefu kama shamba la ngano, na pembeni kuna mti mrefu umefungiwa soksi kubwa ya kitambaa. Upepo ukiingia hiyo soksi inasimama, na rubani akiiangalia anajua atashukia upande gani. Yetu ilikuwa ukitoka Naivasha unaelekea Ndabibi. Mimi nilikuwa nafyeka, nafukuza wanyama, nafuta vioo vya ndege, na kupima wageni uzito. Hiyo ya kupima ilikuwa vita. Ndege ndogo haitaki kubebeshwa upande mmoja, kwa hivyo kila mtu anapanda kwenye mizani ile ya kupimia magunia ya viazi. Mama wa watu ametoka mbali, amevaa miwani, ananiambia yeye ni kilo sitini. Namwambia pole mama, panda. Anapanda, tunaangalia, halafu sote wawili tunajifanya hatujaona.

Wageni walikuwa wanaruka asubuhi na mapema. Wanazungushwa Mlima Longonot waangalie ndani ya shimo, wanapita Elementaita, Nakuru, wanarudi na Menengai. Kapteni hakupenda kuruka baada ya saa nne. Jua likishapasha udongo, hewa ya moto inapanda, na ndege inaruka kama mkokoteni kwenye mawe. Aliyekula mayai lodge anayarudisha, na mwenye kufua viti ni nani? Ni mimi. Kwa hivyo hata mimi nilikuwa naomba waondoke mapema.

Sasa, yule aliyenitoa kwa nyasi alikuwa Bwana Picha. Alikuwa Singasinga wa Nakuru, mzee mwenye studio ya picha za harusi na za vitambulisho, kilemba safi kila siku. Alikuwa ameanza biashara ya kupiga picha za shamba za watu kutoka juu. Anamlipa Kapteni, mlango mmoja wa ndege unatolewa kabisa, anajifunga mshipi kiunoni na kamera shingoni, anapiga boma za watu. Akishaosha picha anaziweka fremu na kuwapelekea wenyewe.

Shida ilikuwa moja. Wenyewe walikuwa wanazikataa. Unamwonyesha mtu nyumba yake anasema hii si kwangu. Na si uongo, ni nani amewahi kuona mabati yake kutoka juu? Mtu anajua mlango wake na mti wake. Hajui paa.

Siku moja nafagia ofisi, nikapata hizo picha zilizokataliwa ziko mezani. Nikasimama na ufagio. Nikamwambia Bwana Picha, hii ni kwa mama fulani wa kuuza maziwa, na hii ni kwa mwalimu. Akaniuliza najuaje, na mimi sijawahi kupanda ndege. Nikamwonyesha njia. Njia ya miguu. Huyu kisima chake kimekauka, anachota kwa jirani, angalia njia inaenda wapi. Huyu mwalimu hana ng'ombe, hakuna mahali nyasi imeliwa. Akauliza, na kama ni njia ya kondoo? Nikamwambia ya kondoo inatangatanga. Ya mtu inatoka jikoni inaenda jikoni, imenyooka, kwa sababu anayepita amebeba kitu na hataki kukawia.

Akaniangalia. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka class two tu, nyinyi mnajua. Akasema nitapanda na yeye, kiti cha nyuma, namwonyesha boma na kuandika ni ya nani. Lakini ni ya kujaribu. Picha zikirudi tena, mimi narudi kwa nyasi na yeye anafunga hiyo biashara.

Mimi nilitaka hicho kiti, wacha niwaambie ukweli. Mara ya kwanza ndege ilipoinama upande ule hauna mlango, nikaliona Ziwa Naivasha limelala chini ya kiatu changu, na nikacheka mpaka Kapteni akageuka kuangalia kama nimeshikwa na kitu. Nilikuwa nimezaliwa hapo, nimelima hapo, nimezika mume hapo, na sikuwa najua ni pazuri hivyo. Sikutaka kurudi kwa debe.

Kazi ilikuwa hivi. Siku moja kabla ya kuruka natembea Ndabibi kwa miguu, boma kwa boma, kila anayetaka picha namwambia kesho asubuhi atandike kitu mbele ya jikoni. Gunia, shuka, chochote anachokijua. Kwenye daftari langu nachora, maana kuandika majina yote ningekesha. Pembe mbili ni yule wa fahali. Sufuria ni yule anayepikia harusi. Tukiwa juu naona shuka, naangalia mchoro, naita, Bwana Picha anapiga.

Ile siku ya kujaribu tukafika Ndabibi, ndege ikainama, nikaangalia chini. Kila boma lilikuwa na blanketi ya kijani yenye ua kubwa jekundu. Zote. Kumbe akina mama wa chama walikuwa wamenunuliana blanketi, kila memba moja, aina moja, na hakuna aliyekubali kutandika gunia siku ya kupigwa picha na blanketi mpya iko ndani. Mimi nilikuwa nimewaambia watandike kitu wanachokijua. Sikuwaambia watandike kitu ninachokijua mimi.

Kapteni akauliza, mathe ni ipi? Nikafunga daftari. Nikafuata njia za miguu kwa macho. Huyu wa maziwa, huyu wa fahali, huyu mwalimu, moja moja mpaka tukafika boma nne za mwisho, zote nyumba za mabati, zimefanana kama mayai.

Mbili zilikuwa za ndugu wawili, Kariuki na mdogo wake Njoroge, waliokosana siku baba yao alizikwa na hawakuwa wamesalimiana tena. Wake zao nao wakikutana dukani kila mmoja anaangalia unga. Mbili zingine zilikuwa za akina mama wawili wa kwaya, marafiki wa kufa na kupona, wakikumbatiana kanisani lazima uzunguke ndio upite. Nikaangalia chini. Boma mbili zilikuwa na njia katikati, imekanyagwa mpaka udongo unang'aa. Zingine mbili, katikati hakuna hata mstari. Nikasema hiyo ni rahisi. Zenye njia ni za kwaya. Zisizo na njia ni za hao ndugu.

Jumapili baada ya kanisa tukapeleka fremu. Watu wakafurahi, wakachekana, huyu anaonyesha choo chake, yule anahesabu mbuzi. Mpaka zikabaki nne. Kariuki akaangalia yake akairudisha, polepole, kwa heshima, akasema hapa si kwake, tangi lake la maji halipo. Njoroge naye hivyo hivyo. Wale wa kwaya nao wakasema hapana. Bwana Picha akanisogelea, akaniambia chini chini, "Mama, hii ndiyo ile tuliongea."

Nilikuwa naona nyasi yote ya strip ikiningojea.

Kariuki akaziangalia fremu zingine. Akasimama kwa ile yenye njia. "Hili ndilo tangi langu," akasema. Halafu akaweka kidole kwenye ule mstari, akaufuata kutoka jikoni kwake, nyuma ya mahindi, mpaka jikoni kwa ndugu yake. Mke wake, Mama Wangari, alikuwa nyuma yake. Aliniangalia mara moja, na nikaelewa yote.

"Wewe mama ndiye unajua mambo ya njia," Kariuki akaniambia. "Hii ni ya nini?"

Bwana Picha alikuwa ananiangalia. Ile kitu moja ambayo nilikuwa nimemwambia najua, kuliko wote, ni kutofautisha njia ya kondoo na ya mtu. Nikisema kondoo, mbele yake, mimi si mjuzi wa chochote, na kiti kimeenda. Nikisema mtu, nimewatolea siri wale wake wawili mbele ya kanisa zima.

Nikasema, "Ni ya kondoo."

Bwana Picha akashusha macho akaanza kukusanya fremu. Niliona hiyo, na iliniuma, mimi siwezi kuwadanganya.

Halafu Mama Wangari akasogea mbele, akajifunga kitambaa vizuri kichwani.

"Hiyo kondoo ni mimi," akasema. "Naenda na maziwa, narudi na moto. Miaka minne. Watoto wenu wamekua pamoja nyuma ya hayo mahindi na nyinyi hamjui."

Kariuki alikaa na hiyo fremu mkononi muda mrefu, unajua wanaume wetu, lazima kwanza uso uamue. Mwishowe akaangalia upande mwingine wa watu, kwa mdogo wake, na neno la kwanza alilomwambia tangu mazishi lilikuwa hili: "Na wewe ulikuwa unajua?"

Njoroge akakuna kichwa. "Mimi nimekuwa nikinywa hayo maziwa. Nilidhani ng'ombe wetu amebadilika."

Nani alianza kucheka, sijui. Nafikiri ni Kariuki. Sisemi walishikana mikono siku hiyo, hapana, ilichukua mpaka msimu mwingine wa mahindi. Lakini aliitaka picha moja kubwa, yenye boma zote mbili na njia katikati. Wale wa kwaya walichukua zao, zile hazina hata mstari katikati, wakaondoka haraka haraka bila kuongea mengi, na mimi sikuwauliza kitu.

Tukarudi kwa gari. Bwana Picha aliendesha mpaka karibu na ziwa, na mimi mikono iko mapajani, nimeshaanza kufikiria debe langu liko wapi. Nikamwambia pole bwana. Akasema, "Mama, unadanganya vibaya sana. Ulikuwa umesema ya kondoo inatangatanga." Akabadilisha gia. "Picha zimelipwa zote. Keshokutwa ni boma za upande wa Nakuru. Saa kumi na mbili uwe strip, na uwaambie kila mtu atandike rangi yake."

Nilikaa kwenye hicho kiti mpaka filimu zikaisha duniani, kamera zikawa za kadi, Bwana Picha akawaachia wanawe studio. Nilimaliza kwa sababu ya magoti. Siku ile Kapteni alinisukuma mara ya tatu ndio nipande, nikamwambia sasa inatosha, na tukacheka wote.

Siku hizi kuna droni. Watoto wananiuliza kama nahuzunika, nawaambia nihuzunike kwa nini, kadude kadogo kanavuma kama nyuki na hakanywi petroli. Mwezi uliopita msichana mmoja wa Nakuru, mpiga picha, alikuja na yake, akairusha ikazunguka shamba mpya za huku, halafu akaniletea picha kwa simu nimwambie boma ni za nani. Nikavaa miwani. Nikamwambia huyu, huyu na huyu. Akafurahi sana, akaandika. Nikamwambia aanze kwa miguu, asalimie watu, anywe chai, ndio apande juu.

Halafu akaonyesha njia moja nyembamba, mpya, inatoka jikoni inaenda jikoni, imenyooka kama kamba.

"Na hii, shosho?"

Nikaiangalia vizuri. Nilijua ni ya nani na nilijua inaenda wapi, na nilifurahi sana kuiona. Nikamrudishia simu yake, nikamwambia hiyo ni ya kondoo. Na huko, watoto wangu, hakuna mtu anafuga kondoo.