Kidari cha ng'ombe kwenye oveni, na mkwe asiye na magego upande wa pili wa ukuta

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya kimya wa jukwaa la mapishi, leo nimejitoa aibu. Ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe hapa Matema, Kyela. Sitaongeza chumvi, chumvi yote niliimalizia kwenye nyama.

Shule yangu iliishia kidato cha pili, kwa hiyo mkiona mwandiko umeyumba mnivumilie. Na natumia simu yenye kioo kilichopasuka upande wa herufi "p".

Twende.

Mimi na mume wangu Gwakisa tunaishi kwenye nyumba ya baba yake. Mzee mwenyewe anakaa Bujonde, huko kwenye mpunga na kokoa zake. Mama mkwe alishatangulia mbele za haki.

Nyumba hii ina chumba cha mbele, mlango wake unatazama barabara ya kwenda ziwani. Tangu niolewe nakiota kile chumba. Naota meza nne, maua kwenye chupa, na ubao nje umeandikwa NYAMA LAINI.

Kila nikikifagia nafagia kama nina wateja.

Sasa akatokea kijana mmoja kutoka Kyela mjini, anauza simu na vifaa vyake, akamfuata baba mkwe anataka kukipanga. Gwakisa naye akamwomba baba yake hicho chumba kwa ajili ya mgahawa wangu. Mzee akamwambia mume wangu: "Jumapili nakuja kula kwenu. Nikishakula nitajua chumba nampa nani."

Basi. Kuanzia hapo usingizi ukawa wa mang'amung'amu.

Kabla sijaendelea, wasio wa huku waelewe kitu kimoja. Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawazoeani. Simpi mkono, siketi naye chumba kimoja, jina lake silitamki, hata humu siliandiki. Siku hizi wengi wameacha, hasa wa mjini. Ila mzee wangu ni wa zamani na mimi namheshimu, kwa hiyo akija mimi ni wa jikoni, yeye ni wa sebuleni, katikati kuna ukuta na mlango wenye pazia.

Maana yake ni kwamba nampikia mtu ambaye siwezi kumwona anakula. Shikeni hilo.

Gwakisa akanishauri vizuri tu: "Mpikie mbasa. Samaki hana lawama."

Nikamwambia mbasa kila nyumba ya Matema wanapika, nani atasimamisha gari kwa ajili yangu?

Lakini sababu ya kweli ilikuwa nyingine, na hiyo sikumwambia.

Baba mkwe hana magego. Yamebaki meno ya mbele tu, ya kuchekea. Mwaka juzi kwenye msiba mmoja nilikuwa nimekaa mbali, pamoja na wanawake wenzangu, nikamwona amepewa nyama. Akaiweka mdomoni, akainyonya mchuzi, akatazama kushoto na kulia, halafu akaidondosha chini ya kiti kwa mbwa. Akafuta vidole akaendelea na maongezi kama mtu aliyeshiba.

Iliniuma, wakuu. Mzee aliyechinjia watu ng'ombe maisha yake yote, leo anamlisha mbwa kwa siri ili asionekane ameshindwa.

Nikasema huyu nitampikia nyama atakayoila kwa ulimi.

Oveni ninayo. Gwakisa alinunua jiko la gesi lililotumika, la lodge moja iliyokuwa inabadilisha vitu vyake. Plate nne juu, oveni chini. Namba za kile kitufe cha oveni zilishafutika zote. Kusema ukweli ile oveni nilikuwa naitumia kama kabati, ndani mna masufuria na sukari, kuwakimbia sisimizi.

Kwenye vidio nikaona wazungu wanapika kidari kizima, wenyewe wanaita brisket, kinakatika kwa uma. Nikasema ndiyo hiyo.

Nikaenda buchani.

"Kaka, nipe kidari, kizima, usikipige shoka."

Muuza nyama akaweka shoka chini. "Kizima? Unakwenda kupika au kutambika?"

"Kupika. Na mafuta yake uyaache."

"Dada yangu, huyu dume amelima majaruba ya Bujonde mpaka amechoka. Utampika hadi Krismasi."

Wateja wakacheka. Na mimi nikacheka, ila moyoni nikaanza kuogopa.

Ilikuwa katikati ya wiki, nimetaka kufanya jaribio. Nikakipaka chumvi, kitunguu swaumu, tangawizi na pilipili manga, nikakitia kwenye trei la oveni hivyo hivyo wazi, moto mkubwa. Kila baada ya muda kidogo nafungua mlango nachungulia. Baadaye nikaona juu kimekuwa cheusi kizuri kama kwenye vidio, nikakitoa.

Kisu hakikuingia.

Nawaambia hakikuingia! Gwakisa akatafuna kipande kimoja akatoka nje nacho, akarudi, bado anacho.

Nikalia. Nikajiona mjinga mwenye ndoto za kwenye simu. Nikakikunja kwenye gazeti nikampelekea jirani yangu Mama Zuhura, mwenye duka, nikamwambia awape paka wake. Huyu mama wazazi wake walitoka Kilwa, na harusi nyingi za Waislamu hapa anapika pilau yeye.

Akafungua gazeti, akabonyeza nyama kwa kidole, akanitazama.

"Nani kakwambia hii imeiva?"

"Imeiva mpaka imekauka, Mama Zuhura."

"Mwanangu, hii haijaiva. Umeitoa katikati ya hasira yake. Nyama ya kifua inakaza kwanza, ikishakaza ndipo inaanza kulegea. Wewe umeikimbia ilipokaza. Na kuiacha uchi kwenye moto, nani alikutuma? Ifunike. Moto mdogo. Na uache kuchungulia chungulia kama unalinda mwizi."

Alhamisi nikaenda Lyulilo sokoni nikanunua chungu cha Wakisi chenye mfuniko. Kabla ya kukitumia nikakichemshia uji wa pumba, maana chungu kipya ukikikurupusha na moto kinapasuka. Na nikajifunza kukiingiza oveni ikiwa baridi, ndipo unawasha, vipate moto pamoja.

Jumapili ikafika.

Jumamosi jioni nilishakipaka viungo kidari kipya. Alfajiri nikakikaanga pande zote kwenye sufuria mpaka kikabadilika rangi, nikakilaza kwenye chungu, mafuta yameangalia juu. Chini vitunguu vingi na nyanya, maji kikombe kimoja. Juu nikafunika jani la mgomba nililolipitisha motoni likalegea, kisha mfuniko, kisha nikaziba ukingo kwa unga wa ngano uliokandwa.

Kitufe hakina namba, kwa hiyo nikapika kwa sikio. Mama Zuhura aliniambia chungu kinatakiwa kinong'one. Ukisikia kinachemka kama maharage, punguza. Kikinong'ona mara moja moja, kama uji unaotaka kuganda, acha hapo hapo.

Kanisani sikwenda. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya oveni. Mkono ukawa unanivuta kufungua mlango, mpaka Gwakisa akachukua kipande cha khanga akaufunga mshikio wa oveni kwa fundo.

"Ukilifungua hili nitajua," akasema.

Kengele ya ibada ya pili ilipolia, nikatega sikio. Chungu kimenyamaza.

Nikainama. Moto umezimika. Gesi imeisha!

Nikakimbia dukani kwa Mama Zuhura na kandambili moja. Alikuwa na maharage jikoni. Hata sijamaliza kueleza, akaufungua mtungi wake.

"Chukua."

"Na maharage yako?"

"Maharage yangu hayana mkwe. Nenda!"

Gwakisa akaubeba begani. Bahati kichwa cha mtungi kiliingiliana na mpira wetu. Tukawasha. Chungu kikakaa kimya muda mrefu, mimi nasali sala zisizo na mpangilio, halafu kikanong'ona.

Mzee alifika mchana. Nikasikia fimbo, nikasikia kikohozi chake, nikasikia kiti kinalia. Mbwa wetu alibweka, Gwakisa akaenda kumfunga nyuma ya nyumba.

Tukatoa chungu. Nikavunja ule unga, nikanyanyua jani. Harufu yake siwezi kuiandika. Nikagusa kwa uma, uma ukazama.

Hapo nikafurahi, na hapo hapo nikafanya kosa.

Kwetu nyama kubwa inawekwa nzima mbele ya mzee, na mwanamume ndiye anayekata. Gwakisa akakibeba kidari kwenye sinia, na wali wa Kyela na ndizi, akapita pazia. Mimi nikabaki nimekumbatia mfuniko.

Ndipo nikakumbuka sijamwambia akate vipi!

Kidari kina nyuzi ndefu. Ukikata kwa kuzifuata, hata kiwe laini namna gani, kinatoka kamba kamba. Mtu mwenye magego atazikata. Asiye nayo zitamkaba. Unatakiwa ukate kwa kukatisha nyuzi, ziwe fupi fupi.

Kuingia siwezi. Kumwita mume kwa sauti mkwe akiwa amekaa, siwezi pia, ni utovu wa adabu.

Nikakohoa. Gwakisa akasema kule ndani, "Moshi huo, baba."

Moshi gani kwenye gesi, mume wangu?

Nikasikia kisu kinagusa sinia.

Wakuu, nikaimba. Mimi ni wa kwaya, sauti ya pili. Nikachukua mtindo wa pambio nikaweka maneno yangu, taratibu, kama mtu anayeosha vyombo:

"Katisha nyuzi, ee mpendwa, katisha nyuzi. Usizifuate zitakupoteza, zikatishe..."

Kisu kikasimama.

Halafu sauti ya mzee: "Gwakisa."

"Naam, baba."

"Jikoni wanasema uzikatishe."

Nikajiziba mdomo kwa mfuniko wa chungu. Sijui nilitaka kucheka au kulia. Nikasikia Gwakisa anageuza sinia, kisu kinaanza upya, tena hakitoi sauti, kinapita tu.

Siwezi kuona. Nasikia kijiko. Nasikia maji yanamiminwa. Hakuna anayeongea. Nikawa namwona kichwani: amenyonya mchuzi, ametazama kushoto, ametazama kulia.

Kisha akauliza, "Mbwa wenu yuko wapi?"

Nikaketi chini kabisa, sakafuni. Basi, nikasema. Imeisha. Chumba kimeenda kwa muuza simu, na mzee wangu ameshindwa tena, safari hii nyumbani kwa mwanawe.

Gwakisa akajibu kwa sauti ya kuogopa: "Nimemfunga nyuma, baba. Nimlete?"

"Muache huko huko," mzee akasema. "Asije akanusa hii. Niongeze hapo."

Niongeze hapo!

Nililia bila sauti mpaka khanga ikalowa. Aliongezwa mara ya pili, na ya tatu akaomba mwenyewe ile ya pembeni yenye mafuta.

Kuhusu chumba hakusema neno. Alipomaliza akatoka na fimbo yake, nikasikia anazunguka mbele, anagonga gonga ukuta. Nikasogea dirishani nikiwa nimejificha. Alikuwa anamgombeza Gwakisa.

"Hii rangi ya bluu ni ya zahanati. Nani atakula nyama kwenye zahanati? Na huu mlango mbona unafungukia ndani, wateja wakiwa wengi watapita wapi? Na yule kijana wa simu mwambie atafute kwingine, mimi nina shughuli na hiki chumba."

Kisha akaugeukia ukuta wa jikoni, hakunitazama, akauambia ukuta: "Ndaga fijo."

Hiyo ni asante sana, kwa wasiojua.

Nilichojifunza mimi: nyama ikikaza usiikimbie, iko njiani. Ifunike vizuri, moto mdogo, uiache. Angalia mtungi wa gesi kabla ya siku yenyewe, siyo siku yenyewe. Na kama mwingine ndiye anayekata, mfundishe kabla hajashika kisu, maana siyo kila mtu anajua kuimba.

Sasa chumba kimepakwa rangi ya maziwa, meza mbili zipo, mbili naziota. Uoga bado ninao. Kidari kimoja kwa mzee mmoja ni kitu kimoja, je wakija watu kumi? Wenye mgahawa, nyama ya jana mnaipasha vipi bila kukauka? Na wenye oveni zisizo na namba, mnakadiriaje? Mniandikie hapa chini, hata kunisema nisemeni, nitasoma zote. Wanyakyusa wenzangu mtakaoniambia mila zimepitwa na wakati, na nyie karibuni, ila kwa upole.

NB: Nilisahau. Jumapili iliyopita mzee alikuja tena. Kidari kikawekwa mezani, Gwakisa ambaye sasa anajua kazi akashika kisu, mimi nimetulia zangu jikoni. Nikasikia mzee anamzuia.

"Subiri kwanza. Hawajaimba."