Nipe Mpole

Mtaa mzima ulimwita Fundi Saa, naye alilipenda jina hilo, ingawa kwa miaka ya karibuni kazi yake kubwa ilikuwa kubadilisha betri tu. Meza yake ilikaa chumba cha mbele cha nyumba, chini ya dirisha linalotazama barabara. Juu yake kulikuwa na vibano, bisibisi nyembamba kama njiti za kiberiti, kioo cha kubana jichoni na visahani vya bati vya kuwekea skrubu zisipotee. Nyuma ya meza kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia yalikuwa maisha yake mengine: sufuria ya uji, kamba ya nguo mbichi na mabinti watatu.

Mkewe alikuwa msimamizi katika kiwanda cha sabuni. Aliondoka asubuhi na kurudi jioni akinukia vizuri kuliko mtu yeyote mtaani, kwa hiyo malezi ya mchana yalikuwa ya Fundi. Wenzake walimtania kwamba ana wake wanne ndani ya nyumba na wote wanamwamuru. Yeye hakujali hata kidogo. Aliogesha, alilisha, alisuka. Na kusuka alisuka kweli, maana mkono uliozoea skrubu zisizoonekana haushindwi na kichwa cha mtoto, na akina mama waliokuja kucheka walibaki kuuliza ile mistari ameinyoosha vipi. Akivimba kichwa kidogo, nani wa kumlaumu?

Binti wa kwanza alikuwa darasa la pili, na wote nyumbani walimwita Dada, hata baba yake. Waliomfuata walikuwa pacha, wanakaribia miaka mitatu, wamefanana mpaka daktari wa chanjo aliwahi kumdunga mmoja na kumnyooshea sindano huyohuyo tena. Mmoja aliitwa Chiriku, mwingine Mpole. Mama yao aliwafunga uzi mkononi, mwekundu kwa Chiriku, mweupe kwa Mpole, kwa sababu jioni anarudi amechoka na hayaamini macho yake mwenyewe. Fundi aliudharau uzi ule. Kila alipowaogesha aliukata akautupa.

"Hawa nimewaleta duniani mwenyewe," alisema, na mkewe akakohoa. "Hata taa zikizimika nitakwambia nani ni nani."

Na kweli taa zilipozimika aliwataja mmoja mmoja, wageni wakapiga makofi. Lakini hapa lazima tumseme kidogo, maana yeye mwenyewe hakupata kulisema hili. Fundi Saa hakuwatambua kwa sura. Aliwasikiliza. Chiriku alianza kuongea akifumbua macho na akaacha usingizi ulipomkatiza katikati ya neno. Aliongea na kijiko, na kandambili, na ukuta. Mpole alikaa akimtazama mwenzake akiongea kwa niaba ya wote wawili. Ukisikia kelele, huyo Chiriku. Usiposikia kitu, huyo Mpole. Ndiyo elimu yote aliyokuwa nayo Fundi, na ilimtosha kila siku isipokuwa moja.

Vituko havikukosekana. Kuna maharage yaliyoingia puani yakagoma kutoka, kuna mtoto aliyetafutwa mtaa mzima kumbe amelala ndani ya kabati la nguo. Kila mara moyo wa Fundi ulipanda kooni, na kila mara ulishuka salama, akazidi kujiamini. Saa za furaha zilikuwa nyingi zaidi. Alasiri pacha walipanda kwenye kiti chake na kumwangalia akifungua saa, na Chiriku alimtupia maswali bila kupumua. Siku moja aliuliza saa inakula nini. Fundi alijibu kwamba inakula betri, ikishiba inatembea, ikiwa na njaa inasimama. Jibu lile lilimpendeza mwenyewe, akalisimulia kwa wateja wiki nzima. Angejua, angesema saa inakula hewa.

Siku yenyewe Dada alikuwa ametoka shule na anawaogesha wadogo zake kwenye karai uani. Mteja alileta saa iliyosimama. Fundi alitoa betri kuukuu, akaiweka kwenye kisahani, akatia mpya, kisha akamsindikiza mteja hadi mlangoni, wakaanza kulalamikia mashimo ya barabara kama ilivyo desturi ya watu wasio na haraka. Aliporudi, kisahani kilikuwa kimepinduka. Chini ya meza alikaa mmoja wa pacha, uchi, hata uzi mkononi hana, maji ya kuoga yakimtiririka, vidole viwili mdomoni. Betri haikuwepo mezani wala sakafuni.

Akamuuliza iko wapi. Mtoto alimtazama, machozi yakajaa, akameza mate kwa shida kama mtu aliyekabwa na kiazi. Hakutamka neno. Fundi hakuhitaji kufikiri: huyu ni Mpole. Akamnyanyua, akamkimbiza uani, akamwambia Dada amvalishe haraka kwa sababu amemeza betri, kisha akatoka mbio kutafuta teksi. Alimwita pia jirani, mama mmoja mshonaji ambaye mtaa ulimwita Mama Mapazia, aje abaki na watoto wengine. Teksi ikapatikana, injini inaunguruma, na Fundi akiwa mlangoni akapaza sauti kuelekea uani:

"Dada, nipe Mpole!"

Dada alichungulia kwenye pazia. Akauliza, "Mpole?"

"Mpole, nimeshasema. Upesi."

Akaletewa mtoto, amevaa gauni lake, ametulia. Fundi akamkumbatia, akaingia garini, na wakaondoka.

Hospitali iliwapokea vizuri. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye maneno machache, na machache aliyoyasema yalitosha kumtoa mtu jasho. Betri ya saa ikifika tumboni, mara nyingi hupita yenyewe. Ikikwama kooni, inaanza kuunguza nyama papo hapo, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuchimba. Kwa hiyo wasipoteze muda. Mtoto akapelekwa chumba cha eksirei. Fundi alimshika mikono asitikisike, akimwimbia wimbo aliokuwa akiutunga palepale, usio na kichwa wala miguu. Mtoto hakulia hata mara moja. Alimwangalia baba yake kwa mshangao mpole, kama anayesubiri kuelezwa wamekuja kufanya nini.

Picha ikatoka safi. Kooni hakuna kitu, kifuani hakuna, tumboni hakuna. Daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza, akasema bila shaka betri iliviringika chini ya kabati, wakaitafute nyumbani. Fundi alishusha pumzi ndefu, akakaa kwenye benchi la korido akicheka peke yake. Mkewe, aliyepigiwa simu na Mama Mapazia, alimkuta hapo. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kiwandani na buti zake za mpira, kofia ya kazi bado kichwani. Aliposikia habari njema alimchukua mtoto, akambusu, akakaa naye pajani na kutoa simu kumtuliza jirani.

Mama Mapazia alishukuru sana. Alikuwa na sauti inayosikika hata simu ikiwa mfukoni, kwa hiyo Fundi alisikia kila neno.

"Huku nako msiwe na wasiwasi," alisema. "Yaani Chiriku leo kanishangaza. Ametulia tuli tangu mlipoondoka, hajasema hata neno. Nimempa maji hataki, anayatema. Kakaa tu anadondosha mate."

Fundi Saa aliinua kichwa. Chiriku ametulia. Hajasema neno. Katika maisha yote ya mtoto yule, lini hilo limewahi kutokea? Alimgeukia yule aliyekuwa pajani kwa mama yake, akamtazama usoni, pengine kwa mara ya kwanza, na hakuona chochote cha kumwambia huyu ni nani. Ila sasa alijua. Aliinuka akaongea kwenye simu ileile mkononi mwa mkewe.

"Mama Mapazia, mlete. Usimpe kitu chochote. Mlete sasa hivi."

 Mkewe alikuwa ameshaelewa, na alikuwa tayari anakimbia kumrudisha daktari.

Hakuna kazi ngumu kama kusubiri gari lisilokuja. Fundi alisimama kwenye geti la hospitali na miguu haikutulia. Alijiona mpumbavu, na alijiambia hivyo bila kujihurumia. Mwanawe alikaa mbele ya macho yake, koo linaungua, akamtazama yeye amsaidie, na yeye akamwita jina la mwenzake. Kisha akamwacha nyumbani na kwenda kumpiga picha mtoto mzima. Majigambo yake yote, makofi ya wageni, yalimrudia moja baada ya jingine na kila moja lilichoma. Aliogopa kama hajawahi kuogopa.

Teksi ilipofika, Mama Mapazia alishuka akilia, na Dada nyuma yake. Chiriku alikuwa amelowa mate mpaka kifuani. Alinyoosha mikono kwa baba yake bila sauti. Fundi alimbeba akakimbia naye, na safari hii hakuimba.

Kwenye picha lilionekana duara jeupe, dogo, limekaa sawasawa mahali ambapo koo linaingia kifuani.  Daktari na wauguzi walimlaza usingizi, wakamwingiza chumba cha upasuaji, mlango ukafungwa. Mume na mke walikaa benchi moja, Mpole katikati yao, mikono wameshikana. Dada alikwenda kukaa mbali, kwenye kiti cha mwisho cha korido, akiangalia vidole vya miguu yake. Mama Mapazia alimpelekea biskuti, akaikataa.

Hatimaye daktari alitoka, na mkononi alikuwa na kichupa chenye kitu cheusi ndani yake. Betri imeacha kidonda, alisema, lakini haijatoboa. Watamlaza siku chache, atakunywa vitu laini, sauti itakuwa ya mkwaruzo kwa muda, kisha atarudi kama zamani. Mkewe alivua kofia ya kazi akajifunika nayo uso. Fundi Saa alilia mbele za watu, kwa sauti, na wala hakuona haya.

Jioni waliruhusiwa kuingia wodini. Mpole aliposhushwa chini alipanda kitandani moja kwa moja, akajisukuma ndani ya shuka, akajilaza ubavuni mwa mwenzake. Muuguzi alitaka kumtoa, akamtazama, akaghairi. Muda si mrefu wote wawili walikuwa wamelala, vichwa viwili juu ya mto mmoja, shuka imewafika kidevuni. Mama yao alitoka kwenda kuzungumza na daktari. Fundi alivuta kiti, akakaa upande wa karibu, akaanza kulipapasa koo la mtoto kwa ncha ya kidole, taratibu, akilipuliza na kulinong'oneza pole. Dada alisimama miguuni mwa kitanda.

Fundi aliona kwamba mtoto huyu naye ana mzigo, akamwita amkaribie. Ikachukua muda kumtoa maneno. Mwishowe alisema kwa sauti ndogo kwamba alijua tangu mwanzo aliyemeza ni Chiriku. Yeye analala nao kitanda kimoja, hajawahi hata siku moja kuwachanganya. Alipoambiwa alete Mpole alitaka kusema siye, ndiyo maana akauliza.

"Sasa mwanangu, kwa nini hukuniambia?"

Dada alimtazama kama anayeulizwa jambo lililo wazi.

"Si wewe unawajua, Baba? Wewe hukosei. Nikadhani labda nimekosea mimi."

Lile lilimkata Fundi maini kuliko lile duara jeupe aliloonyeshwa kwenye picha. Aliyajua makosa yake ya siku ile, au alidhani ameyajua yote. Hili hakuwa amelihesabu, kwamba kwa kujipiga kifua miaka yote ile alimfundisha binti yake kutoyaamini macho yake mazuri. Alimshika mabega.

"Nakosea," alimwambia. "Nakosea sana. Leo wewe ndiye uliyekuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea. Siku nyingine ukiniona nakosea, hata mbele za watu, hata nikiwa nafoka, niambie. Ukiona sikusikii, simama mlangoni nisipite. Tumeelewana?"

Dada aliitikia kwa kichwa. Alifuta pua kwa mkono wa gauni. Fundi, akiona mambo yamekaa sawa, alirudi kwenye kazi yake ya kupapasa na kupuliza.

Dada alimtazama, akamtazama tena.

"Baba."

"Naam."

"Huyo unayempuliza ni Mpole. Chiriku ni yule wa upande wa ukuta."

Fundi Saa aliinua kidole chake. Akamshukuru, akazunguka kitanda, akakaa upande wa pili.