Mzee Fikiri Alivyochorwa Amelala

Bertila anaandika vibao. Ukikatiza mtaa wa Ipuli ukaona kibanda cha kinyozi kimechorwa kichwa chenye sikio moja kubwa kuliko jingine, ujue ni mkono wake. Masikio hajawahi kuyaweza. Kazi alijifunza kwa mjomba wake aliyekuwa akiandika majina ubavuni mwa malori ya tumbaku kule Urambo. Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, sauti kubwa, mama yake Kabula. Mimi nikipita Tabora hulala chumba chake cha uani. Na napita mara nyingi, maana kukaa mahali pamoja sikuwezi.

Mwaka huu yeye na wenzake wa kikundi, wachoraji, wapiga ngoma na kina mama wa bustani, walikubaliana kuipamba njia ya kwenda sokoni. Anayetoa ukuta wake anachorewa jambo linalomhusu. Mshonaji alichorewa cherehani, muuza asali akachorewa mzinga. Ukuta wa Mzee Fikiri, fundi baiskeli, Bertila alisema asiuguse mtu mwingine.

Hapa inabidi nieleze, na ndipo ninapochanganyikiwa mwenyewe. Bertila ni Mnyamwezi. Fikiri ni Mzaramo aliyeletwa huku na kazi ya reli, akasahau kurudi. Hao ni watani, tangu babu zao walipokuwa wakikutana njiani na mizigo ya misafara kichwani. Basi mtani humwambii neno zuri. Miaka yote niliyowafahamu sijasikia salamu kati yao.

"We mpagazi, hujafa tu?" Fikiri humwambia.

"Nikifa atakuzika nani, mvivu wa minazi we?"

Mke wa Fikiri alipofariki, Bertila alijilaza mlangoni akazuia jeneza lisitoke. Watu wakacheka katikati ya machozi, na Fikiri mwenyewe akacheka. Mimi kwetu ni kando ya ziwa, sina utani na yeyote kati yao. Nilibaki nimetoa macho tu.

Sasa akamchora. Fikiri amelala chali chini ya mnazi, mdomo wazi, macho kayafumba, shuka jeupe limemfika kifuani, na baiskeli za watu zimerundikana zinamngoja. Ipuli yenyewe haina mnazi. Mtaa mzima ulicheka. Mwenyewe hakuwapo, alikuwa Ulyankulu kwa binti yake, anauguzwa moyo.

Aliporudi alisimama mbele ya ukuta akautazama. Bertila akatoka mbio kumwahi.

"Umejiona? Tumbo nimekupunguzia, shukuru!"

Fikiri akamgeukia. "Habari za asubuhi, Mama Kabula," akasema taratibu. "Poleni na kazi."

Akaingia ndani, akarudishia mlango.

Bertila akakaa juu ya kopo la rangi. "Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia kakusalimia vizuri."

"Ndiyo hivyo! Kanisalimia!" Machozi yakaanza kumtoka.

Sikuelewa. Kwetu mtu akikusalimia vizuri unamkaribisha chai.

Jioni kikundi kikakaa. Mwenyekiti wao, Nikolaus, akasema ukuta upigwe chokaa yaishe. Elieth, mpiga ngoma, akamrukia: "Ukipiga chokaa umesema Bertila alitukana kweli. Utani unaombewa radhi tangu lini?"

"Tuache basi?" akauliza Nikolaus.

"Tukiacha, na mzee ameumia, si ndiyo tumemtukana?" akasema Bertila. "Mtani wangu amenipotea huyu. Kama ni kwa hili jicho langu la kuona vichekesho tu, sijui."

Nikamwona Nikolaus ana haki. Nikamwona Elieth ana haki. Nilipotaka kusema hivyo wakaniona mimi, wakasema niende nikamuulize Fikiri, kwa kuwa mimi si mtani wa mtu, nikisema neno litabaki lilivyo.

Asubuhi nikamkuta anakaza spoku za gurudumu.

"Mzee mwenzangu, umekasirika?"

"Sijakasirika."

"Unatania, basi?"

"Sitanii."

"Sasa ni nini?"

Akazungusha gurudumu, akalitazama likizunguka. "Ninachotaka kumwambia yule, nikimwambia atacheka. Miaka yote tumefundishana hivyo, nimlaumu nini? Tangu niugue, nikifumba macho naogopa sitayafumbua. Halafu natoka nje najikuta ukutani nimefumba, na shuka jeupe. Mwambie anifumbue macho. Mnazi auache."

Nikaenda nikamwambia Bertila. Akacheka. Kilimtoka tu kicheko, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja, akachukua brashi.

Jicho la kwanza lilimpa taabu. Mdomo wa mtu anayekoroma, na jicho la mtu aliyeshtuka. Waliokuwa wakienda sokoni wakasimama kuuliza: huyu amelala au ameamka? Wakaniuliza na mimi. Nilitazama mpaka nikachoka, sikujua.

Fikiri akatoka na kigoda, akakaa nyuma ya Bertila. Naye hakugeuka.

"Mzee Fikiri," akasema. Sijawahi kumsikia akimwita hivyo. "Kweli unaogopa?"

"Naogopa, Bertila."

Wanajua la kuambiana msibani, wanajua la kuambiana harusini, ila la kufuata hapo hakuna aliyewafundisha. Bertila akanitazama kama vile mimi ninalijua. Nikatazama baiskeli.

"Hata mimi ningeogopa," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

Fikiri akasogeza kigoda karibu na ukuta. "Hilo jicho linatazama wapi?"

"Barabarani. Wanakopita watu."

"La pili nalo lielekeze hukohuko."

Bertila akachovya brashi.